Nyuzi 4, Watu 16: Hesabu ya Mpiga Besi Katika Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 1951 kampuni ya Fender ya California ilitoa Precision, gitaa la kwanza la besi la umeme kutengenezwa na kuuzwa kwa wingi. Bei yake ilikuwa karibu dola 200. Wakati huo bei rasmi ya dhahabu Marekani ilikuwa dola 35 kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Gitaa hilo, basi, lilikuwa na thamani ya wakia 5.7, yaani gramu 178 za dhahabu. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Precision inayotengenezwa leo katika kiwanda cha Fender kilichoko Meksiko inauzwa Marekani kwa dola 800 na ushee, ambazo kwa bei hiyo ni gramu 6 na kidogo. Ukilipima kwa dhahabu, gitaa la besi limeshuka bei mara 28 hivi.

Tuhamishie hesabu hiyo nyumbani. Kwa dola 4,000 kwa wakia, na tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,450, gramu moja ya dhahabu safi ni kama shilingi 315,000. Ongeza usafiri na ushuru wa forodha, bado mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limeitika anaweza kununua gitaa zuri la besi kwa dhahabu inayotoshea kwenye kifuniko cha soda. Shinyanga ina almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Kahama ina dhahabu ya Bulyanhulu. Geita ina mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, jirani na mashimo ya mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966. Kwa sensa ya 2022, mikoa ya Shinyanga na Geita pekee ina watu zaidi ya milioni 5.

Pamoja na utajiri huo wote, kijana wa Kahama anayetaka kuoa, kujenga na kusomesha watoto kwa kupiga besi katika bendi ya dansi hana pa kuanzia. Gitaa analipata. Anachokosa ni bendi, na bendi ndiyo gharama yenyewe. Uchambuzi huu unataka kuonyesha gharama hiyo ni kiasi gani, zamani iliangukia kwa nani, na leo nani anaweza kuibeba.

Kazi yenyewe

Gitaa la besi lina uzito wa kilo 4 hivi. Nyuzi zake nne zikiwa zimekazwa huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya jumla inayokaribia kilo 70. Uzi mzito kabisa hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti yake lina urefu wa mita 8 na zaidi hewani. Hapo ndipo gharama ya kwanza ya besi inapojificha. Sikio la binadamu halizisikii vizuri sauti nzito kama linavyozisikia zile za kati, kwa hiyo besi inahitaji spika pana, za inchi 15 au 18, na umeme mwingi. Na umeme hauongezeki kwa hesabu ya kujumlisha: ukitaka mngurumo usikike mara mbili ya ulivyo, nguvu ya ampilifaya inabidi izidi mara 10. Mpiga solo anaweza kusikika ukumbi mzima kwa ampilifaya ndogo. Mwenzake wa besi akiwa na ampilifaya ya ukubwa huohuo, watu wataona vidole vyake vikienda bila kusikia kitu.

Sasa tupime usiku mmoja. Bendi za dansi za Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 zilipiga usiku nne hadi sita kwa wiki, kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane au zaidi. Tuondoe mapumziko, tubaki na saa nne za kupiga. Mapigo ya kati ya rumba ya kwetu ni kama mawili kwa sekunde. Mpiga besi mzuri haachi kila pigo lisikike. Huruka moja, akaja na matatu ya haraka, akanyamaza, akarudi. Nikikisia mapigo mawili kwa sekunde kwa wastani, usiku mmoja ana mapigo 28,800. Kwa usiku nne kwa wiki na wiki 50 za kazi, mwaka una usiku 200 na mapigo milioni 5 na laki 7. Kila moja linapaswa kuangukia mahali pake, kwa sababu wacheza dansi husamehe solo lililopotea njia, lakini besi ikiteleza miguu yote ukumbini inajikwaa.

Ndiyo maana nawaheshimu watu kama Suleiman Mwanyiro, aliyeungurumisha besi la bendi ya Msondo na kuitwa Computer. Jina hilo aliitwa enzi ambazo Watanzania wengi walikuwa hawajawahi kuiona kompyuta yenyewe, na ukisikiliza anavyogawa muda kati ya ngoma na ridhimu unaelewa kwa nini.

Kuna gharama nyingine ambayo mwili huilipa kimyakimya. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kwenye desibeli 100 asizidi dakika 15. Mpiga besi husimama ubavuni mwa drams, matoazi yakiwa usawa wa sikio lake, na desibeli 100 hapo si jambo la ajabu. Saa nne za namna hiyo ni mara 16 ya kiwango cha siku. Mchimbaji wa mgodi mkubwa hupewa vizibo vya masikio asubuhi anapoingia kazini. Sijaona mkataba wa bendi wenye kifungu cha namna hiyo.

Nani alikuwa analipa

Wazee wa dansi wakisimulia enzi zao, watu hudhani zile bendi kubwa zilijiendesha kwa viingilio. Kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi. Kwa jina lililobadilika mara kadhaa, bendi hiyo ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Jeshi, polisi, magereza na JKT wote wakawa na bendi zao. Mlimani Park, Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam.

Maana yake kwa mpiga besi ni kubwa. Gitaa lilikuwa mali ya shirika, ampilifaya mali ya shirika, gari mali ya shirika. Wakati ambao fedha za kigeni zilikuwa adimu na nyuzi mpya hazionekani madukani, taasisi yenye jina ndiyo iliyoweza kuagiza. Waliokosa walifanya wanachofanya wapiga besi wa dunia nzima wanapoishiwa: kuzivua nyuzi, kuzichemsha kwenye maji ili jasho na uchafu vitoke, kuzianika na kuzirudisha. Nyuzi nne zilizochemshwa hurudisha mng'ao wa sauti kwa siku chache tu, kisha unaanza upya.

Kanda ya magharibi ilikuwa na mchango wake mapema. Western Jazz, bendi ya mtindo wa Saboso, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega. Ndiyo asili ya jina lake, Jimbo la Magharibi. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, Musoma ikawa na Mara Jazz. Katika nchi ya Wasukuma, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu yalikuwa yamewazoesha watu kwa vizazi vingi kuona kundi kubwa la wapigaji na wachezaji likilishwa na jamii nzima. Fedha za kuingia dansini zilitoka kwenye pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoanzishwa miaka ya 1950 na Paul Bomani na wenzake, lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima wa Kiafrika barani. Pamba ikishanunuliwa, pesa zilikuwa mifukoni, na bendi za Dar es Salaam zilipanga safari za mikoani kufuata msimu wa mavuno.

Wanamuziki hawakuwa wajinga wa soko. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park kwa mpigo mmoja. Angalia lakini hao watatu ni akina nani: waimbaji na mpiga gitaa. Besi huhamishwa mwishoni, na mara nyingi kwa dau dogo, ingawa bendi iliyopoteza mpiga besi wake huyumba wiki ileile.

Aliyethubutu kuondoka mwenyewe alilipa. Tom Malanga, mpiga besi wa Simba Wanyika ya Nairobi, aliondoka Novemba 1978 pamoja na mpiga ridhimu Omar Shabani na mpiga drams Rashid Juma. Walijifungia kwenye mazoezi kwa miezi sita kabla ya kupanda jukwaani wakiwa Les Wanyika, na mwaka uliofuata wakatoa "Sina Makosa". Wimbo huo bado unapigwa kwenye harusi kuanzia Mombasa hadi Mwanza, na anayeufahamu anautambua kwa besi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Miezi sita bila kiingilio hata kimoja: hiyo ndiyo gharama ya kuunda bendi ambayo risiti ya dukani haiionyeshi.

Ziara moja ya siku tano

Tufanye hesabu ya mfano. Viwango ni vyangu vya kukadiria, msomaji aliye kwenye kazi anaweza kuweka vyake. Bendi inatoka Mwanza Alhamisi, inapiga Shinyanga, Ijumaa Kahama, Jumamosi Geita, Jumapili Katoro, Jumatatu inarudi Mwanza. Ni mzunguko wa karibu kilomita 600. Nyongeza nzuri ni daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Zamani gari la bendi lingeweza kumaliza saa kadhaa likisubiri kivuko.

Watu ni 16: waimbaji wanne, magitaa matatu ya solo, solo la pili na ridhimu, besi, kinanda, drams, tumba, tarumbeta mbili, saksafoni, fundi mitambo na mtunza vyombo.

Kukodi Coaster na dereva wake siku tano kwa 250,000 ni shilingi 1,250,000. Mafuta, lita 120 kwa shilingi 3,000, ni 360,000. Kulala wawiliwawili, vyumba vinane vya 25,000 kwa usiku nne, ni 800,000. Chakula cha 10,000 kwa mtu kwa siku ni 800,000. Mitambo ya sauti na jenereta, 400,000 kila onyesho, ni 1,600,000. Gari la matangazo, vibali na mabango, 100,000 kila mji, ni 400,000. Jumla ni shilingi 5,210,000 kabla mwanamuziki hajashika senti.

Utaratibu wa kawaida ni kwamba mwenye baa anabaki na vinywaji, bendi inabaki na mlango. Kwa kiingilio cha shilingi 10,000, watu 131 kila usiku wanarudisha gharama tu. Wakija 250 kila usiku, na huo ni usiku mzuri, mlango unaleta milioni 10. Toa gharama, inabaki 4,790,000. Mwenye vyombo akichukua asilimia 30 yake, zinabaki 3,353,000 za kugawana watu 16. Kila mmoja anapata karibu 209,500 kwa siku tano. Ni theluthi mbili za gramu ya dhahabu.

Wakija 150 badala ya 250, mgawo unaporomoka hadi 34,500. Watazamaji wamepungua kwa asilimia 40, lakini kipato cha mpiga besi kimepungua kwa asilimia 83. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Gharama za bendi hazipungui wateja wakipungua. Gari ni lilelile, vitanda ni vilevile, na mvua moja ya Jumamosi jioni Geita inakula mshahara wa wiki.

Na tuseme mpiga besi anataka kiasi cha kuendesha nyumba, shilingi 600,000 kwa mwezi, kwa ziara mbili kama hizi. Hesabu inadai watu 302 kila usiku, Alhamisi na Jumapili zikiwemo. Atakayejaza Katoro watu 302 Jumapili usiku, mwezi baada ya mwezi, kwa muziki wa dansi, nitampongeza kwa moyo wote.

DJ anafanya mzunguko huohuo na msaidizi wake kwa gari dogo. Mafuta lita 60, vyumba viwili, chakula, matangazo: 880,000. Akitumia spika za baa, anahitaji watu 22 kila usiku kurudisha gharama zake. Akikodi mitambo yote mwenyewe, anahitaji 62. Mwenye baa wa Kahama anayemchagua DJ hachukii muziki wa bendi. Anasoma 22 na 131, na anachagua kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angechagua.

Kwa nini besi huondolewa mapema

Bendi inayotaka kuishi hupunguza watu. Kutoka 16 hadi 8, gharama ya ziara inashuka hadi 4,410,000, na kwa watu 250 kila usiku mgawo wa mtu mmoja unapanda hadi 489,000. Umezidi mara mbili. Kishawishi hicho ni kikubwa mno kwa kiongozi yeyote wa bendi. Wanaotoka kwanza ni wapuliza tarumbeta na saksafoni, kwa sababu kinanda kinaweza kuigiza sauti zao. Anayefuata ni mpiga besi, kwa sababu mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unaweza kushika noti zake nzito, au kompyuta ikazipiga zikiwa zimerekodiwa tayari. Nyimbo nyingi za asili za Kisukuma zinazotamba sasa minadani na kwenye harusi zimejengwa hivyo, kinanda kikibeba besi na ngoma pamoja. Sauti ipo. Kazi ya mtu mmoja haipo tena.

Kuna fedha nyingine ambazo mpiga besi huzitazama zikimpita. Mwenye pesa zake akipagawa na wimbo hupanda jukwaani kumtuza mwimbaji, akimbandika noti kwenye paji la uso. Mpiga solo naye hupata akipiga magoti na gitaa lake. Nyuma, kando ya drams, noti hazifiki. Bendi chache zenye busara huweka tuzo zote kwenye kapu moja na kugawana usiku ukiisha, na ningependa ziwe nyingi.

Mirabaha haimsaidii sana. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa desturi ya dansi, mtunzi ni aliyeleta maneno na sauti ya kuimba. Mpiga besi aliyekaa mazoezini akatafuta mwendo wa noti nane ambao ndio utakaowanyanyua watu vitini haandikwi popote. Nadhani hilo ni kosa, na bendi zinaweza kulirekebisha zenyewe bila kusubiri Bunge: andikeni majina ya waliobuni sehemu za ala kwenye fomu ya usajili, na mpatane mgawo kabla wimbo haujatoka.

Uzeeni hali ni ngumu zaidi. Pensheni ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mtu anayelipwa posho ya usiku hachangiwi na yeyote. Anaweza kupiga besi miaka 30, mapigo zaidi ya milioni 170 kwa makisio yale ya juu, na siku vidole vikikataa hana hata mwezi mmoja kwenye kumbukumbu za mfuko.

Marekani walishapita njia hii. Bendi kubwa za jazi zilikuwa na watu 15 hadi 18. Mwaka 1944 serikali ikaweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi zenye burudani na dansi, ikaishusha baadaye hadi 20, huku nauli na mishahara ikipanda kwa sababu ya vita. Desemba 1946, ndani ya wiki chache, bendi kadhaa kubwa zilivunjwa, zikiwemo za Benny Goodman, Woody Herman na Harry James. Mwaka 1950 hata Count Basie alibaki kwa muda na kikundi kidogo. Milt Hinton, aliyekuwa mpiga besi wa Cab Calloway tangu 1936 hadi 1951, alijikuta hana kazi baada ya miaka 15 ya mshahara. Kilichomwokoa ni studio za New York, ambako alishiriki kwenye rekodi zaidi ya 1,000 kabla ya kufariki mwaka 2000 akiwa na miaka 90. Kanda yetu haina soko la studio la ukubwa huo. Sehemu kubwa ya wapiga besi wachanga wa Shinyanga na Geita utawakuta Jumapili kwenye kwaya, hasa za AIC na makanisa ya Kipentekoste. Kanisa ndilo linalonunua vyombo na kuwafundisha vijana sasa, na linastahili shukrani. Lakini kwaya ni utumishi wa kujitolea. Hailipi ada za shule.

Robo saa ya mgodi

Bendi kubwa haikuwahi kuishi kwa mlango peke yake, Dar es Salaam wala New York. Iliishi palipokuwa na mwajiri ambaye gharama yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na shughuli zake nyingine. Kanda ya dhahabu haijakosa fedha za namna hiyo.

Tuajiri watu 16 kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 115.2. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10, inakuwa milioni 126.7. Kwa shilingi 315,000 kwa gramu, hizo ni gramu 402, karibu wakia 13. Mgodi wa Geita ulizalisha karibu wakia 480,000 mwaka 2024. Gawa kwa saa 8,760 za mwaka, upate wakia 55 kila saa. Mishahara ya bendi nzima ya watu 16 kwa mwaka mzima, pamoja na akiba ya uzee, ni dhahabu inayotoka Geita kwa dakika 14.

Sipendekezi mgodi uanzishe bendi. Bendi ya mgodi ingekufa siku mgodi ukifungwa, kama ule wa Buzwagi ulivyofunga uchimbaji mwaka 2021. Mfano bora ni ule wa DDC, wa mamlaka ya mji yenyewe. Kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mauzo kilichotumika kwa miaka mingi katika ushuru wa huduma, mgodi wenye wakia 480,000 kwa dola 4,000 ungezipa halmashauri karibu shilingi bilioni 14 kwa mwaka. Bendi ya mji ni asilimia 0.9 ya kiasi hicho. Na haitakuwa mzigo mtupu: ikipiga kwenye sherehe za kitaifa, mahafali, mechi za uwanja wa Kambarage na kumbi za mji, kila kiingilio kinapunguza gharama, na mpiga besi wake anafundisha vijana wanne au watano mchana.

Najua hoja ya madawati na zahanati, nami siidharau. Hakuna anayeomba zahanati ibomolewe. Naomba madiwani wapime sehemu moja ya mia ya ushuru mmoja dhidi ya ajira 16 za kudumu na ufundi ambao ukishapotea haununuliki kwa gramu yoyote, kwa kuwa mpiga besi mzuri hutengenezwa na miaka kumi ya kupiga na wenzake, na wenzake hao lazima wawepo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na rasimu za bajeti hujadiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Diwani wa Geita, Kahama au Shinyanga unayesoma hesabu hizi, zipeleke kwenye kamati yako kwa maandishi, na wewe mpiga kura muulize diwani wako jibu lilikuwa nini.